Namna ya Kutembea Ukerewe kwa Siku Moja, Riwaya Mkononi

Ukerewe, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ziwa Victoria, kimetoa waandishi watatu ambao bila wao historia ya riwaya ya Tanzania ingesomeka vingine: Aniceti Kitereza, Euphrase Kezilahabi na Gabriel Ruhumbika. Jambo hili wanalijua zaidi wanafunzi wa fasihi kuliko wasafiri, kwani wengi wanaoshuka bandarini Nansio huletwa na biashara ya samaki, likizo ya nyumbani au msiba. Hata hivyo, mtu anayependa vitabu na anayependa mashamba anaweza kupata kisiwani humo siku iliyojaa, ilimradi aelewe tangu mwanzo kwamba hatapewa ramani wala kukatiwa tiketi ya kiingilio katika kila kituo. Kitabu ndicho ramani. Aliyekisoma ataiona Namagondo, kijiji cha Kezilahabi. Asiyekisoma ataona migomba, miamba na mbuzi waliofungwa kamba kando ya njia.

Kwa hiyo maandalizi huanza wiki moja au mbili kabla ya safari, na huanzia kwenye kusoma. Kwa mtu mwenye muda mfupi ninashauri asome Rosa Mistika ya Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, kwa sababu ni fupi, inasomeka kwa siku mbili, na sehemu zake za mwanzo zimewekwa Namagondo, kijiji alichozaliwa mwandishi mwenyewe mwaka 1944. Riwaya hiyo iliwahi kupigwa marufuku shuleni kwa sababu ya jinsi inavyozungumzia wazi mambo ya wasichana, wazazi na walimu, kisha baadaye ikawa miongoni mwa vitabu vinavyofundishwa darasani. Ukiisoma leo utashangaa ni kitu gani kilichowatisha watu kiasi hicho, au pengine hutashangaa.

Anayependa bustani na kilimo, yeye asikwepe kazi kubwa ya Kitereza, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896 katika ukoo wa watemi, yaani watawala wa jadi, wa Ukerewe na kusomeshwa na wamisionari, aliiandika kwa Kikerewe na kuimaliza mwaka 1945. Haikupata mchapishaji kwa miaka mingi, mpaka mwenyewe alipoitafsiri kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980, mwaka mmoja tu kabla ya kifo chake. Kisa chake ni cha mume na mke wanaopendana lakini hawajajaliwa mtoto, na maneno ya ndugu wa mume yanawafanya wakwe wamrudishe binti yao nyumbani. Lakini ndani ya kisa hicho mwandishi ameweka ghala zima la maarifa: namna ya kulima, kuvua, kutengeneza pombe ya ndizi, kupokea mgeni, kuomba radhi ukweni na kutibu maradhi. Ni kitabu kirefu, na wako wanaolalamika kwamba kinakwenda taratibu mno. Mimi naona utaratibu huo ndio faida yake kwa msafiri, kwa maana hakuna mwongozo mwingine unaokueleza kwa kina namna hiyo mambo utakayoyaona kwa macho ukipita katika miji, yaani maskani, ya Wakerewe. Nakala zake si rahisi kupatikana madukani. Anza kuulizia katika Maktaba ya Mkoa hapo Mwanza au katika maktaba ya chuo kilicho karibu nawe, na ukiipata, nakili kwa mkono kurasa tatu au nne zinazohusu shamba na pombe ya ndizi, uzibebe hizo badala ya kitabu kizima.

Jambo la pili ni kuvuka ziwa. Meli kutoka Mwanza hadi Nansio huchukua saa tatu na zaidi, na boti ziendazo kasi huchukua muda mfupi kuliko huo. Anayeondoka Mwanza asubuhi na kutaka kulala Mwanza usiku uleule atabaki na muda mdogo sana wa kukaa kisiwani, tena atakuwa akitazama saa kila mara. Ushauri wangu ni kuihesabu siku moja kuanzia Nansio: vuka mchana wa siku iliyotangulia, lala katika mojawapo ya nyumba za wageni za mjini pale, ambazo ni za kawaida lakini zinatosha, kisha uamke ukiwa tayari upo. Ratiba za vyombo hubadilika, kwa hiyo usitegemee ya mwaka jana wala ya kuambiwa. Nenda bandarini siku moja kabla, uliza dirishani, na ukate tiketi ukiwa na kitambulisho ili jina lako liandikwe sawasawa katika orodha ya abiria.

Suala la orodha na jaketi la kujiokolea si la kupuuzwa katika ziwa hili. MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, na MV Nyerere ikapinduka karibu na kisiwa jirani cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, na watu wa kanda hii wote wana jina la mtu wanayemkumbuka. Chombo kikionekana kimejaa kupita kiasi, shuka, subiri kingine. Mahali jaketi zilipo pajue kabla chombo hakijang'oa nanga.

Mwenye gari, au asiyependa safari ndefu ya majini, anaweza kupita barabara ya Musoma hadi Bunda, akageuka kuelekea Kisorya, kisha akavuka mlango mwembamba wa maji kwa kivuko hadi Rugezi upande wa Ukerewe. Safari hiyo ni ndefu kwa kilomita lakini ya majini ni fupi, na inakupitisha kando ya ghuba ya Speke, penye mashamba ya pamba na mpunga. Hata hivyo, kwa ziara ya kifasihi mimi huchagua meli, kwa sababu moja ya wazi: Rosa, mhusika mkuu wa Rosa Mistika, naye anavuka ziwa, kutoka kisiwani kwenda shule ya wasichana Mwanza, na mabadiliko yote ya maisha yake yanaanzia katika kuvuka huko. Kuisoma sehemu hiyo ukiwa umeketi sitahani, unakwenda upande ule alikotoka yeye, ni jambo ambalo barabara haiwezi kukupa.

Asubuhi ya siku yenyewe, toka mapema. Saa moja na nusu bado kuna ubaridi na watu wako mashambani, nao ndio unaotaka kuwaona. Kodisha bodaboda au, mkiwa zaidi ya wawili, gari dogo, zile zinazoitwa michomoko katika Kanda ya Ziwa, na mpatane bei ya siku nzima pamoja na muda wa kusubiri. Hapo ndipo wageni wengi hupishana na madereva: mmoja alidhani amelipa kwa siku, mwingine alidhani amelipwa kwa safari. Mtajie vituo vyote kabla ya kupanda: Namagondo, Kagunguli, Bukindo, na Rubya kama muda utaruhusu. Dereva akiwa mzaliwa wa kisiwani, muulize kama anamjua mzee yeyote anayependa kusimulia habari za zamani. Swali hilo moja limewahi kufungua milango mingi kuliko barua ya utambulisho, ingawa barua nayo si mbaya ikiwa unatoka chuoni na unakusudia kuandika.

Anza Namagondo. Kabla ya kuzunguka, fika kwanza ofisi ya serikali ya kijiji, ujitambulishe kwa mwenyekiti au mtendaji, useme wewe ni nani, umetoka wapi na unataka nini, hata kama unachotaka ni kutembea tu na kutazama. Kijiji si bustani ya umma. Kila njia inapita ubavuni mwa mji wa mtu, na mgeni anayeonekana akipiga picha bila kuaga huzua maneno ambayo yatamsumbua mgeni anayefuata. Usitafute pia nyumba ya ukoo wa mwandishi kana kwamba ni kivutio; ukielekezwa na wenyeji, na wenye nyumba wakaridhia, ni heri, vinginevyo waache watu na maisha yao.

Ukishapata ruhusa, tafuta mahali penye kivuli, kaa, na usome kurasa za mwanzo za Rosa Mistika papo hapo. Zakaria, baba mlevi na mkali, Regina, mama anayevumilia, na kile kipigo anachokipata Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana, yote hayo yamewekwa katika mandhari iliyo mbele yako: nyumba zilizotawanyika, kila moja na migomba yake, njia nyembamba zinazokutana, na uwazi unaofanya jirani aone na asikie kila kitu. Utaelewa jambo ambalo darasani huelezwa kwa maneno mengi, nalo ni kwamba katika riwaya hiyo siri haikai. Kezilahabi, ambaye baadaye alileta mjadala mkubwa kwa kutunga mashairi yasiyofuata vina na mizani katika diwani ya Kichomi mwaka 1974, na aliyefariki dunia mwezi Januari 2020, hakuhitaji kubuni kijiji. Alikuwa nacho tayari, akaondoa pazia.

Kutoka hapo ingia katika bustani. Ninasema bustani nikijua kwamba atakayefikiria maua yaliyopangwa mistari na nyasi zilizokatwa atavunjika moyo. Bustani ya Ukerewe ni ile inayouzunguka mji, nayo ina mpango wake ambao jicho huchukua muda kuuona. Karibu na nyumba ipo migomba, kwa sababu inalishwa na takataka za jikoni na majivu. Katikati yake na pembeni husimama michungwa, ambayo kisiwa kina sifa nayo hadi masoko ya Mwanza, pamoja na miembe na mipapai. Nje kidogo ndiyo mihogo na viazi vitamu, na mabondeni, panapotuama maji, mpunga. Mwamba mkubwa ukitokea katikati ya shamba hauhesabiwi kuwa hasara: juu yake huanikwa mihogo. Ukipita wakati wa udaga utaunusa kabla hujauona, ile harufu kali ya muhogo uliovundikwa, kisha utauona umetandazwa juu ya jiwe lililopata joto, vipande vya kijivu vyenye vumbi jeupe kama unga, na mtoto mwenye fimbo amewekwa kuwafukuza kuku.

Namna ya kuingia ni ileile ya siku zote. Simama mbali kidogo na mlango, piga hodi, usubiri. Ukiitikiwa "Karibu, mwanangu," mwamkie mwenye nyumba kwa shikamoo, pokea kigoda utakachopewa, na usianze kuuliza maswali kabla ya kujuliana hali na kueleza ulikotoka. Kisha mwombe bibi au babu akutembeze shambani mwake. Uliza kila mgomba unaitwaje na ndizi zake ni za nini, maana ndizi ya kupika si ya kuivisha, na ya pombe ni nyingine kabisa. Hapa ndipo zile kurasa ulizonakili kutoka kwa Kitereza zinapopata kazi: wasomee wenyeji namna Myombekere anavyohangaikia pombe ya ndizi ya kupeleka ukweni ili arudishiwe mkewe, uone watakavyokusahihisha. Mmoja atasema hivyo ndivyo ilivyokuwa, mwingine atasema kwao ilifanywa vingine, na katika ubishi huo utapata maelezo ambayo huyapati kwa kuhoji. Kama mzee anazungumza Kikerewe zaidi ya Kiswahili, au Kijita, kwa kuwa kisiwa kina lugha zaidi ya moja, mruhusu aseme kwa lugha yake na kijana wa hapo atafsiri.

Zawadi si lazima lakini ni ustaarabu, na sukari, majani ya chai, chumvi au sabuni vinapokewa vizuri kuliko noti inayotolewa mfukoni kwa haraka. Utapewa machungwa. Yakubali, ule moja hapohapo mbele yao, na mengine ubebe. Usibebe, hata ukishawishika, chipukizi la mgomba wala pingili za mihogo za kupanda kwako. Magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia yameisumbua sana mihogo ya Kanda ya Ziwa, na mnyauko wa migomba husafiri kwa chipukizi na kwa panga lisilosafishwa. Mgeni mpenda bustani ndiye msambazaji mzuri kuliko wote, kwa kuwa anabeba kwa mapenzi. Ukitaka mbegu, ziulizie kwa afisa kilimo.

Kagunguli ni kituo cha mchana. Hapo ndipo penye misheni ya zamani ambako Kitereza alianza masomo akiwa mtoto, kabla ya kupelekwa seminari ya Rubya huko Bukoba (si Rubya ya hapa kisiwani), alikojifunza Kilatini na lugha nyingine za Ulaya. Tazama upangaji wa misheni yenyewe: kanisa, majengo ya shule, miti iliyopandwa kwa mistari, yaani bustani ya namna nyingine kabisa, inayofuata fikra za mapadri na si za mji wa Mkerewe. Kuzitazama bustani hizi mbili kwa siku moja kunakueleza jambo kuhusu mwandishi aliyelelewa kati yake, aliyesomeshwa na misheni kisha akatumia elimu hiyo kuandika maisha ya kabla ya misheni. Padri wa Kifaransa-Kanada aliyekuwa akihudumu kisiwani, Almas Simard, ndiye aliyemtia moyo kuandika kwa lugha yake. Pita ofisi ya parokia, uamkie, useme unachokitafuta. Ikiwa ni Jumapili, ama ingia misani ama usubiri hadi watu watoke. Kuzunguka kanisa na kamera wakati wa ibada hakupendezi.

Bukindo hakuhitaji muda mrefu. Ilikuwa makao ya watemi wa Ukerewe, na nyumba ya utemi ipo. Utemi ulifutwa kisheria mwaka 1963, lakini heshima ya ukoo haikufutwa pamoja nao, kwa hiyo omba ruhusa ya wahusika kabla ya kuingia. Hapa ni mahali pazuri pa kumkumbuka Ruhumbika, aliyezaliwa kisiwani mwaka 1938, aliyeandika Miradi Bubu ya Wazalendo na Janga Sugu la Wazawa, na ambaye mwaka 2002 alitoa tafsiri ya Kiingereza ya riwaya ya Kitereza aliyoifanya moja kwa moja kutoka Kikerewe.

Chakula cha mchana kiagize asubuhi kabla ya kuondoka Nansio, au ule Kagunguli katika mgahawa wowote wenye wateja. Sato wa kuchemsha na ugali wa muhogo ndicho chakula cha kisiwa, na anayeagiza chipsi mayai Ukerewe amejinyima mwenyewe. Beba maji ya kunywa ya kutosha. Ukifika ufukweni na jua limewaka, usishawishike kuingia majini wala kutembea miguu mitupu kwenye maji yaliyotulia penye magugu, kwani kichocho kipo katika mwambao huu wote.

Mchana ukibakiza muda, malizia Rubya, penye shamba la miti la serikali. Baada ya asubuhi nzima ya mashamba madogo yaliyochanganywa kila kitu, msitu wa mipaini iliyosimama safu kwa safu hadi karibu na ziwa unashtua kidogo, na si kila mtu anaupenda. Mimi naupenda kwa kivuli chake na kwa upepo. Ni mahali pazuri pa kusoma mashairi. Pita ofisi ya shamba kwanza, usiwashe moto, na uondoke mapema ili barabara ya kurudi Nansio isikukute gizani.

Mwenye siku ya ziada asiirudishe Mwanza kabla hajafika Ukara, kwa kivuko cha kutoka Bugolora. Waandishi hawakumpeleka msomaji huko kwa wingi, ila mtu wa bustani atajuta akipakosa. Wakara, wakiwa wengi katika ardhi ndogo yenye mawe, walibuni tangu zamani kilimo ambacho wataalamu wa nje walikuja kukisoma: ng'ombe hufugwa ndani na kukatiwa majani, samadi yote hubebwa shambani, matuta hujengwa kwa mawe, na mimea ya marejea hupandwa katikati ya uwele ili yafukiwe na kurutubisha udongo. Jiwe la Nyabulebeka, linalosemwa kuwa linacheza, nalo liko huko, na watoto watakupeleka kabla hujauliza.

Kuhusu majira, miezi ya Juni hadi Septemba ni mikavu na njia za vijijini zinapitika, ingawa upepo huweza kulichafua ziwa. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, bustani ziko katika uzuri wake lakini bodaboda hukwama. Anayefuata maembe aje mwishoni mwa mwaka, na avumilie mvua za vuli.

Ikitokea meli imeahirishwa na siku yako imeshapangwa, usiipoteze. Panda daladala ya Kisesa na ufike Bujora, takribani kilomita 20 kutoka Mwanza kwenye njia ya Musoma, kwenye Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement miaka ya 1950. Fasihi ya pale ni ya mdomo: ni nyimbo na mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, makundi mawili ya wachezaji ambao ugomvi wao wa utunzi umeendelea tangu karne ya 19, na viwanja vyake vina miti na miamba ya kukalia. Ukibahatika kwenda Juni, karibu na sikukuu ya Ekaristi Takatifu, utakuta Bulabo, sherehe ya mashindano hayo ya ngoma. Mwamkie mwongozaji kwa "mwangaluka" ikiwa ni asubuhi, mwombe akueleze maneno ya nyimbo na si historia ya vyombo peke yake, na umlipe kwa stakabadhi.